Bi Hayrat Katika Nyasi za Dzamandzar

Mheshimiwa Naibu Meya, uliyeziacha kazi za mji ukaja kukaa na wanawake wa sindano na uzi, Sheikh wetu wa mtaa, uliyeifungisha ndoa jana kwa sauti iliyotuinamisha vichwa sote, wazee wetu, wageni wetu mliovuka maji kutoka Nosy Be, wanetu Abdou na Mariama, nanyi kina mama wenzangu wa chama cha ushonaji hapa Mahajanga, ambao leo mmependeza kuliko siku yoyote niliyowahi kuwaita mkutanoni: Assalaam alaykum.

Nimeombwa niseme kwa Kiswahili cha bibi zetu, kwa sababu Bi Hayrat anakipenda, ingawa wengi wetu siku hizi tunakikumbuka kwenye dua na biashara tu, na nyumbani tunasema mengine. Asiyenifuata atafasiriwa kwa Kimalagasi na Mwalimu Mariama. Ninamwomba asiongeze chumvi. Niliyotia mimi inatosha.

Ndugu zangu, kesho Bi Hayrat anapanda meli na mumewe, Bwana Madi, kwenda Dzamandzar, kisiwani Nosy Be. Wengi mmeniuliza ilikuwaje mjane wa makamo yake, mwenye wajukuu, akaolewa kisiwani na mtu aliyestaafu kiwanda cha sukari. Mmeniuliza mimi kwa sababu ukuta wangu na wake ni mmoja, na kwa sababu nilikuwapo. Basi nitasema mara moja, mbele ya watu wote, ili sokoni mpate la kusema lingine.

Mumewe wa kwanza, marehemu Youssoufa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, na alimpenda. Alipofariki, Bi Hayrat alikaa eda kama sheria inavyotaka. Eda ikaisha, yeye hakutoka. Alikuwa na cherehani yake, mswala wake na mlango wake uliofungwa nusu. Nani hapa ambaye gauni la harusi ya bintiye halikupita mikononi mwa Bi Hayrat? Na nani aliyemwona kwenye harusi yenyewe? Alikuwa akilituma gauni, na salamu, na kusingizia kichwa. Macho yakaanza kuchoka kwa uzi, hata akawa ananiita nimtungie sindano. Lakini masikio yake, nawaambieni, yalikuwa yakinisikia nikifunua sufuria kwangu.

Msimu wa mvua mwaka juzi, Mariama alimwita mamake akapumzike kwake Nosy Be, nami nikamsindikiza. Mariama anafundisha shule ya Dzamandzar. Wakati ule alikuwa na jambo lake moja. Alisema nchi imepata bendera yake, lakini watoto darasani bado wanachora maua ya nchi ya theluji, maua ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuyaona, na ukiwauliza ua lililo nyuma ya shule wanakwambia ni majani tu. Kwa hiyo akaamua kuwapeleka darasa zima kwenye nyasi za mlimani, juu ya mashamba ya miwa, watazame vipepeo na ndege na maua ya kwao, wayajue kwa majina. Alihitaji watu wazima wa kumsaidia kuwaangalia. Bi Hayrat alisema hakuvuka bahari kuja kutazama majani, kwani hata Mahajanga yapo. Mwishowe akaja, mwavuli mkononi, uso umekunjwa.

Aliyetuongoza njia ni Bwana Madi. Alikuwa mjane kama yeye, na nyumba yake iko pale njia inapoanza kupanda. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye mitambo ya mvuke ya kiwanda, na mitambo ile ikamla masikio. Ukimwita nyuma yake hageuki. Ila macho yake ni ya kijana.

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Nyasi zilitufika kiunoni, na kila ulipokanyaga paliruka kitu: panzi, vipepeo vidogo vya manjano, na yule ndege fodi ambaye dume lake msimu ule huwa jekundu kama pilipili. Watoto walitawanyika wakipiga kelele. Maua ya vonenina, yale ya rangi ya waridi mnayoyajua, yalikuwa kando ya njia kila mahali, na wasichana wakawa wanazihesabu petali zake kama walivyoagizwa. Mimi nilitafuta jiwe nikakaa. Bi Hayrat alisimama chini ya mwavuli wake kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe.

Kisha akainua kichwa. Akauliza ni nini kinachoguna ndani ya nyasi, sauti ya chini, kama mtu anayeugulia kwa mbali. Mimi sikusikia kitu. Mariama akasikiliza, akasema ni kibobo, yule ndege mdogo anayefanana na tomboro, anayetembea chini na haonekani kwa urahisi. Akamgeukia Bwana Madi, akalirudia jina lile kwa sauti kubwa.

Bwana Madi akamwambia Bi Hayrat, "Mimi nilidhani wameisha. Nilidhani miwa imewamaliza."

Tafakarini, ndugu zangu. Mtu alikuwa akipita njia ile kila siku, anaamini ndege wa utoto wake wamekufa wote, kumbe ni yeye aliyeacha kuwasikia. Hakuna aliyewahi kumwambia, maana nani angejua kwamba analisubiri jambo hilo?

Bi Hayrat alifunga mwavuli. Akasema, "Wapo. Mmoja yuko hapa, kushoto kwako, karibu na lile ua jeupe." Akamshika mkono wa kanzu, akamwelekeza. Bwana Madi akapiga magoti na kutazama kwa muda mrefu, mpaka akaona, si aliyeguna bali dume, na vifaranga nyuma yake. Akamweleza Bi Hayrat, ambaye macho yake hayakuweza kumtenga ndege na majani, kwamba kwa ndege hawa jike ndilo linaloguna na kuita, na dume ndilo linaloatamia mayai na kulea. Bi Hayrat akasema huo ni mpango mzuri, na ungefaa kuigwa. Sheikh, unisamehe. Ninasema yaliyosemwa.

Tangu hapo ikawa Bi Hayrat anasikia na kuelekeza, Bwana Madi anaona na kueleza. Akatua kipepeo wa buluu, Bwana Madi akamwambia ni kama hariri inayogeuzwa juani, na pindo jeusi. Bi Hayrat, fundi ni fundi, akataka kujua pindo lina upana gani na limekatwa moja kwa moja au kwa mawimbi. Mzee wa watu akalazimika kumnyemelea kipepeo kwa magoti ili apate jibu. Watoto waliacha kazi yao wakawa wanawatazama wao.

Tulipanda mlima ule tena na tena mpaka siku zetu zikaisha. Nilikuwa mlinzi wa heshima yao, na malipo yangu yalikuwa kupe na kuungua jua.

Kabla hatujaondoka, Bwana Madi alipeleka kwa Mariama posa ya mamake, kwa adabu zote. Bi Hayrat akakataa. Alisema yeye ni bibi ya watu, ana wana wakubwa, atawatazamaje? Tukarudi Mahajanga. Akaketi tena kwenye cherehani. Lakini nikiwa upande wangu wa ukuta, nilikuwa nikisikia mashine ikisimama katikati ya mshono, bila sababu. Siku moja nikaenda kuchungulia. Alikuwa amefungua dirisha, anasikiliza ndege kwenye uzio.

Habari za posa zikamfikia Abdou, mwanawe mkubwa. Abdou, mwanangu, umeniruhusu niseme, nami nakushukuru. Alihuzunika. Hakumtukana mtu, hakupandisha sauti, lakini aliona kama kaburi la babake linafukuliwa. Akasema anakwenda Nosy Be mwenyewe kumwambia mzee yule akome. Mamake akasema kama ni hivyo, naye atakuwapo. Asisemewe kwa mgongo wake. Tukasafiri watatu.

Bwana Madi alitupokea, akasikiliza alichoweza kusikia, kisha akamwomba Abdou jambo moja tu: kwanza watembee wote mlimani, halafu aseme alilokuja nalo. Abdou akakubali kwa heshima ya umri. Akatembea nyuma yetu, mikono mgongoni.

Nyasi zilikuwa ndefu tena. Kibobo akaguna. Bi Hayrat akasimama, akamwelekeza Bwana Madi, na kwa kuwa ndege hakutokea, akafunga midomo akaguna vilevile, sauti ya chini ya kifuani. Ndege akamjibu. Akaguna tena, akajibiwa tena. Hapo Bi Hayrat alicheka. Aliziba mdomo kwa mkono, kisha akautoa mkono, akacheka mpaka kilemba cha kichwani kikalegea.

Nikageuka nyuma. Abdou alikuwa ameketi chini, katikati ya nyasi, na suruali yake ya kazini.

Akauliza, "Mama, mbona nyumbani hucheki?"

Bi Hayrat akamjibu, "Nyumbani nilikuwa namlinda baba yenu asisahauliwe."

Abdou akasema, "Baba hatasahauliwa, Mama. Mimi ni Abdou Youssoufa, na wanangu nao wanaitwa kwa jina lake. Hiyo kazi tupe sisi."

Kisha akainuka, akajipangusa, akamwendea Bwana Madi na kumwambia, kwa ile sauti yake ya chini mnayoijua, "Mzee, mimi sina neno." Bwana Madi aliona midomo ikitikisika, hakusikia. Akamgeukia Bi Hayrat, uso umejaa hofu, akamuuliza, "Kasemaje?"

Bi Hayrat akamsogelea sikioni, yeye aliyekwisha kumkataa. Akasema, "Anasema hana neno. Na mimi sina."

Mheshimiwa Naibu Meya, Sheikh, wageni wetu, hayo ndiyo yaliyotokea, na yanatosha. Abdou, umetufundisha kwamba mwana anaweza kuwaheshimu wazazi wawili kwa wakati mmoja, aliye kaburini na aliye hai. Mariama, endelea kuwapeleka watoto mlimani. Bwana Madi, na hili nitalisema kwa nguvu ulisikie: mtunze.

Nawe jirani yangu, nitakaa upande wangu wa ukuta nikizoea ukimya, na sidhani kama nitauzoea upesi. Nenda. Mungu akuongoze, na mvua za mlima ule zikupokee kwa wema.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza kwa upole, mpaka neno la mwisho.