Mzee Ndaki na Kichupa Namba Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Evarist Ndaki, mkuu wa maabara ya hospitali yetu hapa Kilosa, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuwaomba watu mkojo. Ameniagiza mimi Jackline, msaidizi wake, niandike wasifu huu. "Andika yote, binti, hata lile la mimba," alisema. "Usipoliandika wewe, Teresia atalisimulia vibaya."

Mzee Ndaki alifika Msowero akiwa mdogo, wazazi wake Wasukuma wakitafuta malisho. Sauti ya kuitia ng'ombe alikuja nayo mpaka kazini, ndiyo maana kwenye korido yetu hakuna majibu yaliyowahi kuwa siri. Kichocho alikisaka hadi kwenye majaruba ya Kilangali. Mwanamume aliyekwepa kupimwa aliulizwa sokoni, mbele ya wakwe zake: "Kichupa changu kiko wapi?" Kwa semina hakuwa na mpinzani; alihudhuria hata ya wakunga.

Mwaka juzi tulipata mradi wa kuchunguza virusi na viashiria vya uvimbe katika saratani ya kibofu cha mkojo. Ulizinduliwa hotelini Mikumi. Bango liliandikwa "Saratani ya Kibovu", na kamati ikajadili asubuhi nzima kama lishushwe kabla ya picha au baada. Mtaalamu alipofika kwenye virusi, tembo akapita nje ya dirisha. Ukumbini akabaki yeye na fundi wa projekta.

Mchana Mzee Ndaki alipanda jukwaani akatangaza kwamba atakuwa wa kwanza kutoa sampuli, awe mfano kwa wanaume wa wilaya. Tulipiga makofi. Akaingia msalani na kichupa namba moja, akatoka nacho kimejaa, akapigwa picha amekiinua kama kombe.

Wiki iliyofuata Teresia, muuguzi wa mradi, aliingia maabara akafunga mlango. Kati ya viashiria vilivyopimwa ilikuwamo homoni ileile ya mimba, maana uvimbe mwingine wa kibofu huitoa. Kwenye kichupa namba moja ilikuwa juu mno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ama una uvimbe mkubwa sana, ama una mimba."

Kwa mara ya kwanza tulimsikia akinong'ona. "Mkojo ule ni wa Paulina."

Paulina ni karani wetu wa mapokezi. Mzee alikuwa amemwomba mkojo kidogo "wa kujaribia mashine," na mkubwa akiomba, nani wa kuuliza? Mzee mwenyewe alikuwa akikojoa damu tangu masika, bila maumivu, akijidanganya kwamba ni wekundu wa juisi ya rozela. Alijua vizuri damu hiyo huweza kumaanisha nini. "Nimewaandalia watu wengi safari ya bomba lile la kamera," alisema, macho chini. "Najua linapitia wapi."

Paulina na mumewe Amos walikuwa wamengoja mtoto kwa miaka. Alipopewa habari alilia, akacheka, akamkumbatia Teresia, kisha akamnunia mzee hadi mwisho wa mwezi.

Teresia alisimama mlangoni mwa msala mpaka kichupa cha kweli cha mzee kikajaa. Kilikuwa na damu. Tukamsindikiza Dar es Salaam. Bomba likapita linapopita, likaonyesha uvimbe mdogo ambao ulikuwa bado haujazama kwenye msuli wa kibofu. Wakautoa kwa njia hiyohiyo. Alipozinduka alimuuliza daktari kama chanzo ni virusi. Daktari akasema hajui.

Ripoti ya mradi nayo imetoka: virusi vilionekana kwa baadhi ya wagonjwa, lakini kuonekana si kusababisha, unahitajika utafiti zaidi na semina nyingine, Mikumi.

Siku hizi Mzee Ndaki hawaumbui wanaume sokoni. Huwavuta pembeni, hadi kule Vidunda mlimani, akawaambia kwa sauti ya chini kilichompata. Wanakuja. Mwezi uliopita foleni ya wanaume ilifika getini.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kukubali tukucheke hadharani. Shamba likuzalie na usingizi uwe mtamu. Ila kipimo chako kingine ni mwezi ujao, na tutakufuata kwa gari la hospitali. Teresia atasimama mlangoni.