Mama Wasiwasi Anatuachia Simu ya Mezani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitumikia jarida letu la tiba, Mhariri Mkuu wetu anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Kwenye karatasi za ofisi ana cheo kirefu. Koridoni anaitwa Mama Wasiwasi, na kwa kuwa mwenyewe huitikia, sioni sababu ya kulificha jina hilo leo.

Alianza kama msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, katika kile chumba kidogo kinachopakana na choo cha wanaume, akapanda hadi kiti cha mhariri. Alikuja na shahada ya famasia na hofu ya kila kitu. Aliogopa nukta ya desimali iliyokaa vibaya, jedwali lililokatwa pembeni, hata koma. Toleo likienda mitamboni, sisi tulijua limekwenda kwa kuona tu kikombe chake cha chai kimepoa mezani bila kuguswa. Wakubwa walimtania kwamba angekuwa rubani, abiria wangezeekea uwanjani. Alicheka nao, kisha akarudi kulikagua jedwali lile lile.

Kwa wageni wa kazi yetu, nieleze kidogo. Makala ikifika, tunaondoa jina la mwandishi na kuipeleka kwa wataalamu wawili wa fani hiyo, ambao tunawaita wahakiki. Wakiridhika, tunachapa. Zamani mwandishi aliruhusiwa kupendekeza wahakiki na kutupa anwani zao za barua pepe, maana fani nyingine wataalamu wake ni wa kutafuta kwa tochi. Mama Wasiwasi aliongeza tabia yake moja ambayo haikuwa kwenye mwongozo wowote. Mhakiki akishamaliza kazi, alimpigia simu kumshukuru kwa mdomo, na namba aliiomba mapokezi pale mtu huyo anapofanya kazi. Alisema anayefanya kazi bila malipo wala jina anastahili walau kusikia sauti ya mtu. Sisi tuliona ni mambo ya kizamani, tukamcheka chinichini.

Halafu ikaja makala ya dawa ya homa kwa watoto wachanga. Mwandishi wake alikuwa Mkurugenzi wa wakati ule wa taasisi inayomiliki jarida letu, bosi wetu sote, ambaye bila saini yake hakuna mkataba ulioongezwa. Wahakiki wawili aliowapendekeza walijibu upesi wakaimwagia sifa. Mama Wasiwasi akainua simu kushukuru. Wa kwanza, daktari wa watoto, akamuuliza makala gani tena, dada, mbona mimi sijaletewa kitu tangu mwaka jana. Wa pili akajibu vivyo hivyo. Anwani zile zilikuwa za kubuni, na zile sifa Mkurugenzi alijiandikia mwenyewe.

Nilikuwa chumbani humo. Niliuona mkono wake ukitafuta pa kuiweka simu na usipaone. Akafunga mlango, akatuambia kwamba anaogopa, na kwamba asiyetaka kujua zaidi atoke sasa hivi. Wenzangu wakatoka. Mimi nilibaki, na watu wamenisifia ushujaa huo kwa miaka mingi, lakini ukweli ni kwamba miguu ilikuwa imelegea.

Akampigia tena yule daktari wa watoto, safari hii kumwomba aisome makala kwelikweli. Jibu likarudi. Kipimo cha dawa kilichopendekezwa kilikuwa kikubwa kuliko ambacho ini la mtoto mchanga lingeweza kuhimili.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mkurugenzi alimwita, akamkaribisha kiti kwa upole uliotisha kuliko kufokewa, akamuuliza kama anaipenda kazi yake. Watu wakawa wanabadili njia wakimwona koridoni. Mumewe, ambaye alikuwa hana kazi wakati huo, alimsihi anyamaze kwa ajili ya watoto wao. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Lakini kilichomkosesha raha zaidi, alituambia, ni muuguzi mmoja asiyemjua, katika zahanati asiyoijua, aliyemjia kila akifumba macho. Amefungua jarida letu mezani, mtoto analia, naye anapima dawa kama tulivyoandika. Alimwogopa sana Mkurugenzi. Alimwogopa zaidi muuguzi yule.

Basi akaipeleka habari hiyo mbele ya bodi ya wahariri. Alimwaga maji ya mwenyekiti, akakohoa katikati, akaendelea mpaka mwisho. Makala haikuchapwa. Baadaye Mkurugenzi aliondoka, tukaambiwa ni sababu za kiafya, tukaitikia. Tangu hapo hatupokei anwani ya mhakiki mpaka ithibitishwe kazini kwake, na majarida kadhaa yameuiga utaratibu huo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa alilotufanyia, ingawa mwenyewe angependa zaidi nisifie faharasa yake ya makala zetu.

Kiti chake nimekabidhiwa mimi ninayeandika haya, na sitajifanya simba. Wiki hii imeingia makala ya mtu ambaye jina lake likitajwa humu ndani watu hushusha sauti. Maoni ya wahakiki yamerudi mapema mno, matamu kupita kiasi. Kwenye kompyuta kila kitu kiko sawa, ila hofu yangu imekataa kuamini. Asubuhi nilimuuliza Mama Wasiwasi kama hofu hii hupungua mtu akizoea. Uso ukamchangamka kama aliyesikia habari njema. Akasema haipungui, na siku ikipungua nimwambie haraka. Kisha akaisogeza simu ya mezani upande wangu.

Mama, tunakushukuru kwa kuwaogopea watoto ambao hawatalijua jina lako. Nenda ukapumzike, unywe chai ingali ya moto, wajukuu wakuchoshe upendavyo, na Mungu akujalie usingizi wa mtu asiyedaiwa toleo. Wasiwasi tuachie sisi. Kikombe changu kimeshapoa, simu nimeiinua, namba ya mhakiki wa kwanza nimeipiga, na upande wa pili inaita.