Majina Aliyoyataja Bi Riyama

Bi Riyama Jaku anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia redio yetu miaka kumi na tisa. Alikuja siku chache kabla hatujaanza kurusha matangazo, akapanda ngazi za studio hapa Malindi, Unguja, huku amekumbatia kikapu cha kanda. Ngazi zile amezilalamikia kila asubuhi tangu siku hiyo.

Kabla ya hapo alikuwa akipiga kodiani katika kikundi cha taarabu. Ndiyo maana hakuweka wimbo bila kuwataja kwanza wapigaji wake: nani yuko kwenye fidla, nani kwenye ganuni, nani kashika dumbaki. Sisi wa studio tulimtania kwamba anaita mahudhurio kama mwalimu. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Na mie nikinyamaa, nani atawataja?"

Enzi zake muziki wa kidumbaki ulikuwa na siku yake, wa beni siku yake, na ngoma za shamba nazo zikapata siku yao. Kisha wenye redio wakaleta kompyuta inayopangiwa nyimbo kutoka Dar es Salaam, zile zile tangu asubuhi hadi usiku, na Bi Riyama akabakishiwa saa moja ya Ijumaa. Wiki ya kwanza kompyuta ilimkatia taarabu katikati ya bashrafu, yaani ule muziki mtupu wa mwanzo. Bi Sichana wa Mkokotoni, msikilizaji wake wa siku zote, akapiga simu: "Riyama, mwimbaji mmemfanyaje? Nnamngoja hapa hata chai imepoa!" Tulicheka mpaka machozi. Bi Riyama hakucheka, na tangu hapo ikambidi achague nyimbo fupi.

Studio ilianza kumpwaya. Watangazaji wapya ni watoto wazuri, shikamoo hawamnyimi, lakini hakuna aliyemuuliza wimbo fulani kaupiga nani. Simu za Ijumaa zikapungua, ikabaki ya Bi Sichana peke yake, naye mwaka jana akatangulia mbele ya haki. Bi Riyama aliendelea kuisogeza simu karibu yake kila kipindi, akawa anaitazama. Inaniuma kuandika hivi kwenye karatasi hii ya sherehe ya kumuaga, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa iliyopita alifanya kipindi cha mwisho, nami fundi mitambo nikiwa upande wa pili wa kioo. Wimbo wa kuagia ulikuwa wa kikundi chake mwenyewe. Alipoanza tu kuwataja wapigaji, saa yake ikaisha, na kompyuta ikaingiza tangazo la sabuni. Nilibonyeza kila kitufe, wapi. Taa nyekundu ya kuonyesha yuko hewani ilizimika mbele ya macho yake. Aliiona, akaendelea kutaja, taratibu, hadi jina la mwisho. Kisha akavua visikizio, akaukunja waya wake vizuri kama kawaida yake.

Bi Riyama, ahsante sana. Tunakuombea afya, raha, na nyumba isiyokosa wa kuzungumza naye. Majina yale niliyasikia peke yangu, kwa hiyo nayatangaza hapa. Fidla, Amour Borafya. Ganuni, Ubwa Kheir. Dumbaki, Pandu Faki. Mwimbaji, Zeyana Muhiddin. Limebaki moja, ambalo miaka yote hukuwahi kulitaja: kodiani, Riyama Jaku.