Daftari la Rambirambi la Mama Dorkasi Mazengo

Ndugu waombolezaji, mliopata kivuli cha turubai na mliokikosa, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa kuwa marehemu hakupenda jambo lisomwe nusu.

Dorkasi Mazengo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1936 kijijini Buigiri, mtoto wa pili wa mkulima wa uwele, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, wa kufunua vyungu vya watu aone kilichomo, tabia iliyomletea makofi mengi na baadaye, kama mtakavyosikia, ikamwokolea nyumba. Alisoma hapo hapo Buigiri kuanzia mwaka 1945, akaishia darasa la nne mwaka 1949, si kwa ujinga, bali karo ilitosha mtoto mmoja, na mtoto huyo akawa kaka yake, ambaye la tano lenyewe hakulimaliza.

Tarehe 6 Agosti 1960 alifunga ndoa na fundi mwashi Batholomeo Mazengo, mtu mpole aliyewajengea wenzake miaka ishirini kabla ya kujijengea mwenyewe hapa Nzuguni, wakajaliwa watoto wawili, Fabian na Cecilia. Batholomeo alifariki tarehe 2 Mei 1984, akamwachia mkewe nyumba hii mnayoiona, haina deni, hilo lisemwe.

Marehemu alikuwa mpishi wa shule kuanzia mwaka 1967 hadi 1986, na biashara ilipofunguliwa, kila mwenye nguvu akaruhusiwa kujitafutia, aliyaacha masufuria ya serikali, na Machi 1987 akakopa mashine ya kusaga kwa mzee Hanifu, mfanyabiashara wa mjini, mkataba ukisema deni liishe tarehe 30 Juni 1988. Alilipa kwa mafungu, na fungu la mwisho, shilingi elfu arobaini, alimkabidhi mzee mkononi, barazani kwake, bila stakabadhi, maana mzee alikuwa mtu wa neno lake, na kosa la marehemu lilikuwa kudhani watu wa namna hiyo hawafi.

Mzee alifariki Jumamosi tarehe 7 Novemba 1992, akazikwa kesho yake, na Dorkasi, kama mtu yeyote mwenye adabu, alikwenda msibani na rambirambi ya shilingi elfu mbili, ikaandikwa.

Tarehe 12 Machi 1996 ikaja samansi. Shaibu, mtoto wa mzee, alikuwa anadai zile elfu arobaini na riba ya miaka yote, jumla inapita laki tatu, na Dorkasi hakuwa na kitu cha kufikia bei hiyo isipokuwa nyumba. Washauri hawakukosekana, wakala ugali wake wakimwambia akaombe msamaha, na Fabian, ambaye yupo hapa na anajua atasemwa, aliandika karatasi nzuri ya mama kukiri deni na kuahidi kulipa kidogo kidogo, akamwekea na biki mkononi. Marehemu akaiweka chini.

"Nikiri nini," alimwambia, "na mimi karatasi yao hata sijaiona?"

Akafunga kanga, akaenda masjala ya mahakama kuomba faili. Karani, Bwana Iddy, alimwamkia shikamoo, kisha akamwambia kwamba faili siyo gazeti, mama.

"Gazeti ningenunua, mwanangu. Hili lina jina langu."

Alilipa ada, akakaa kwenye benchi, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, na asipoelewa aliuliza, hadi Bwana Iddy akaacha chai yake ipoe. Ndipo alipojua kwamba dai la mkataba kama ule hufunguliwa ndani ya miaka sita, kwa hiyo la Shaibu lilikuwa limekufa tangu Juni 1994, na kwamba angeisaini ile karatasi ya Fabian, miaka ingeanza kuhesabiwa upya. Lakini Shaibu naye hakuja mikono mitupu, alikuwa ameambatisha kivuli cha ukurasa wa daftari la dukani, Dorkasi Mazengo, 2,000, tarehe 8/11/92, akisema ni sehemu ya deni iliyolipwa, hivyo hesabu ianzie hapo.

Marehemu aliitazama tarehe ile mpaka akaulizwa kama anaumwa, kisha akaomba faili jingine, la mirathi ya mzee Hanifu. Humo, kwa kiapo cha Shaibu mwenyewe, ilikuwapo tarehe ya kifo, na orodha ya rambirambi aliyoinakili ili dada zake wasimwone mwizi, na mstari wa ishirini na tatu ulikuwa Dorkasi Mazengo, 2,000. Katika pilikapilika za msiba mtu alikuwa amechukua daftari la madeni dukani, akaandikia rambirambi kurasa zake za nyuma.

Tarehe 21 Agosti 1996 hakimu aliziweka karatasi hizo mbili pamoja, akauliza swali moja.

"Siku ya kumzika baba yako, ulifungua duka?"

Shaibu akasema, "Hapana, mheshimiwa."

Kesi ikatupwa. Wapo waliosema Dorkasi aliponea kwenye kalenda, na wapo hapa leo, wamekula. Yeye alisema alilipa, na sisi tunamwamini, asiyeamini ana haki yake, ila tangu siku hiyo hakuna aliyesaga debe kwake asipewe stakabadhi, hata mdogo wake Yasinta.

Februari 1998 aligundulika kuwa na kisukari, akawauliza madaktari maswali hadi wakawa wanapishana zamu, na alifariki tarehe 19 Septemba 1999, saa kumi na moja jioni, akiwa na akili zake zote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani wa Nzuguni, wapishi wenzake wa zamani, na Bwana Iddy, aliyekuja bila faili lolote ila la kumbukumbu zake.

Rambirambi zinapokelewa mezani kwa Yasinta. Daftari ni jipya, marehemu alilinunua mwenyewe mwezi wa sita, akaandika juu ya kila ukurasa kwa mkono wake, RAMBIRAMBI, SIYO DENI. Mstari wa kwanza umeshajazwa, Shaibu Hanifu, shilingi elfu mbili, naye alisimama pale mpaka akaona imeandikwa.

Pumzika kwa amani, Dorkasi, na huko ulikokwenda wakikuletea karatasi, isome kwanza.