Nyumba Zilizofungwa

Kitinda: Haloo? Nani mwenzangu?

Dada: Dada yako. Natumia simu ya ofisini.

Kitinda: Ah, shikamoo dada. Niko hapa barazani kwa muuza duka. Miguu si yangu tena.

Dada: Marahaba, pole. Sikia, nimeshinda na majibu yako ya dodoso. Kuna kitu hakikai—

Kitinda: Mlitaka nyumba mia, nimeleta mia! Sikulipua.

Dada: Nani kasema umelipua? Swali la maji. Kwenda kuchota na kurudi, wastani umetoka dakika nane. Nane, Kitinda! Huko mlimani kwetu? Nikiwapanga wote kwa mstari, wa katikati ameandika sifuri.

Kitinda: Ndivyo walivyosema. Mimi sipiki namba.

Dada: Ulipita saa ngapi?

Kitinda: Asubuhi mpaka mchana.

Dada: Na nyumba zilizofungwa?

Kitinda: Niliruka, nikagonga kwa jirani. Si ndivyo mlivyotufundisha?

Dada: Ndivyo tulivyofundisha.

Kitinda: Dada? Unakatika—

Dada: Nipo. Mchana nani yuko nyumbani? Mwenye bomba uani. Asiye nalo yuko njiani na ndoo. Tumewauliza walioshiba habari za njaa.

Kitinda: Lo.

Dada: Sampuli imeegemea upande mmoja. Hata ungeleta elfu, ni walewale tu.

Kitinda: Si uandike maelezo kule chini—

Dada: Mkubwa hasomi ya chini. Akiona nane, atasema mlimani hawana shida, kisima kichimbwe kwingine. Na ripoti inaondoka kesho.

Kitinda: Kwa hiyo nirudi.

Dada: Jioni hii. Zile zilizofungwa tu.

Kitinda: Dada, nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Dada: Najua, mdogo wangu. Hata mimi namba zinanicheza machoni. Kwa mama uligonga?

Kitinda: ...Niligonga.

Dada: Enhe?

Kitinda: Palikuwa pamefungwa.

Dada: Mimi kila nikipiga ananiambia bomba lake linatoka vizuri.

Kitinda: Na mimi hivyohivyo. Hata ningemkuta, angeniandikisha sifuri.

Dada: Na lile goti lake—

Kitinda: Nilichungulia uani, dada. Ndoo haikuwepo. Nikajiambia ameiazimisha. Nikaenda nyumba ya pili.

Dada: [anapenga kamasi] Mama naye! Anatuficha sisi?

Kitinda: Hataki tuhangaike.

Dada: Haya, nisikilize, salio la ofisi linaisha, simu imeshalia. Uanzie kwake, halafu—

Kitinda: Sianzii mlangoni kwake.

Dada: Kitinda, usinichoshe! Ripoti—

Kitinda: Nateremka mtoni, nikutane naye njiani. Nimpokee ndoo kwanza. Maswali yako nitamuuliza tukiwa tunapan—