Watu wa Mbao wa Baltazar Margwe

Ndugu waombolezaji, waliokuwepo juzi watanisamehe, maana nilishuka kwenye basi kutoka Tunduma, nikaingia hapa uani, nikamwona mama mmoja amejitanda khanga katikati ya akina mama wenzake, nikampa shikamoo, akanyamaza, nikairudia kwa sauti, nikaanza hata kununa, mpaka Hilda, binti wa marehemu, aliponivuta koti na kuniambia kwamba huyo ni sanamu, imefunikwa ili watoto wasilie.

Marehemu Baltazar Margwe alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 hapa Gendabi, mtoto wa kwanza wa Mzee Margwe na Mama Marieta, mimi Tadei nikiwa wa pili, na huo upili sijapona mpaka leo. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1970 hadi 1976, akajifunza useremala Mbulu mjini, na mwaka 1984 akafungua karakana ya milango na vitanda, hadi 1999 alipoanza kuchonga watu, mama yetu akiwa na droo tatu tumboni, baba akiwa na masikio viganjani, jirani Bura, ambaye waligombania naye mpaka wa shamba, akiwa na mlango mahali pa uso, watu ambao ukiwapa mgongo unageuka kuhakikisha hawajasogea.

Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa Endagikot na Hilaria, wakajaliwa Hilda na Gidamis, nao wote wamechongwa. Mimi nimeendesha lori hadi Lubumbashi na Durban, lakini wageni walinipita hapo mlangoni kama kigingi cha mbuzi, wakienda kumtazama yeye ambaye Babati kwake ilikuwa safari, na nakiri mbele ya jeneza kwamba nilimwonea wivu, tena ule wa kuhesabu, sanamu thelathini na moja, hata Bura yumo, mimi simo.

Kifua kilianza kumsumbua Agosti 2023, akalazwa mara mbili, na tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, akafariki, mimi nikiwa kwenye foleni ya mpakani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gendabi na Gitting waliochimba kaburi kwenye matope, na mafundi wenzake waliotengeneza jeneza kwa mbao alizoziacha. Kaka, weka patasi chini, upumzike kwa amani.

Asubuhi hii nilimsomea shemeji Hilaria karatasi hii, nikamwuliza kwa nini kaka hakunichonga, akasema jibu lake nalo nilisome: “Shemeji, kuchongwa ni kukaa kitini siku nne. Wewe hapa hujawahi kumaliza hata chai.”