Dereva wa Kwaya na Barua ya Tarehe 17 Juni

Ndugu Simeoni Alute, dereva wa Shule ya Bweni ya Wavulana Kisimambuga, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Aprili 1976, baada ya utumishi wa miaka kumi na minane na miezi mitatu. Aliajiriwa Februari 1958, shule ikiwa bado ya misheni, kwaya ikiwa na wavulana ishirini na sita na lori moja la Bedfodi ambalo lilikuwa halijawaka kwa wiki tano. Siku ya pili ya kazi yake liliwaka.

Kwa wageni wetu wa leo ni vizuri kueleza kwamba watu husema Kisimambuga ni kwaya iliyojengewa shule, na hawakosei. Mvulana hupokewa hapa kwa kuimba kwanza, hesabu hufuata. Masomo, chakula na zamu za shamba hupangwa baada ya kuangalia ratiba ya ziara. Tangu Uhuru kwaya imeimba kwenye ufunguzi wa zahanati, shule, visima na vijiji vya ujamaa, kwenye Saba Saba na kwenye mazishi, kutoka Kiomboi hadi Rungwa. Daftari la safari linaonyesha safari 637 ambazo Mzee Simeoni ameendesha. Katika safari hizo limepotea jino moja tu la mwanafunzi, nalo lilipotea katika ugomvi wa kugombea kiti.

Viti aliviweka mwenyewe, mabenchi manne ya mninga, na akatunga sheria zake. Wadogo hukaa mbele, karibu na kabini, kwa sababu vumbi huingia kwa nyuma na sauti ya kwanza haipatani na vumbi. Kila mvulana hufunga kitambaa kibichi mdomoni. Hakuna kuimba njiani isipokuwa lori likikwama. Mwaka 1966 lilikwama kwenye mbuga upande wa Manyoni kwa saa tatu, akawaambia wavulana wasukume huku wanaimba. Mwalimu Gasto, kiongozi wa kwaya, alikiri baadaye kwamba hajawahi kusikia besi nzuri kama ile, na kwamba ilimuuma kidogo kuona imepatikana kwa dereva. Tangu siku ile, wavulana wakilegeza sauti mazoezini, Mzee Simeoni alikuwa akipiga honi mara mbili kutoka gereji. Mwalimu Gasto alilalamika kwa mkuu wa shule. Mkuu wa shule alisikiliza honi kwa wiki moja, akasema haijakosea.

Mwaka 1971 alirudi kutoka Rungwa na debe la asali aliyopewa na warina asali, akaigawa kijiko kwa kijiko kwa shule nzima, wakiwemo ambao sauti zao zilikuwa zimevunjika na hawakusafiri.

Mke wake, marehemu Theodora, alifanya kazi hapa miaka saba. Alifua mashati meupe ya kwaya na kushona vifungo vyake. Wavulana walimwita Mama Vifungo. Alizijua nyimbo zote kwa kuzisikia kutoka kwenye kamba ya nguo, maana siku za ziara alibaki hapa kutayarisha mashati ya ziara nyingine. Alifariki mwezi Mei 1968 na kuzikwa nyumbani kwa mumewe, ng'ambo kidogo ya Ilongero.

Wasifu huu ulikuwa umepangwa uendelee na matengenezo ya injini na cheti cha udereva bora. Lakini wakati wa kuutayarisha ilibidi kupekua mafaili ya mialiko ili kuhakikisha idadi ya safari, na katika faili la mwaka 1968 ilikutwa barua ya mwandiko wa mkono, ya tarehe 17 Juni, ambayo haiwezi kurukwa. Inasema hivi:

"Kwa Katibu wa Ziara. Naomba kwaya ije kuimba nyumbani kwangu Jumamosi tarehe 13 Julai, siku ya kusimika msalaba wa saruji kwenye kaburi la mke wangu. Marehemu alikuwa akishona vifungo vya mashati yao. Nyimbo mbili zinatosha. Usafiri upo. Simeoni Alute, Dereva."

Juu yake limeandikwa neno HAPANA kwa wino mwekundu. Mwandiko huo ni wa mwandishi wa wasifu huu, aliyekuwa katibu wa ziara wakati huo na ndiye katibu hadi leo.

Ilikuwaje mfanyakazi wa shule aiandikie barua shule yake? Mwalimu Gasto anakumbuka. Mzee Simeoni alimwendea kwa mdomo kwanza, naye akamwambia aandike kama wananchi wengine, isije ikaonekana tunapendeleana. Mialiko ilikuwa mingi mwaka ule, na ofisi ilikuwa imebandika tangazo mlangoni: kila mwaliko kwa barua, wiki tatu kabla. Mzee Simeoni aliandika ndani ya muda.

Tarehe 24 Juni katibu alipitia barua sitini na nne kwa mchana mmoja. Alisoma tarehe zilizoombwa, akazilinganisha na ratiba. Majina hakuyasoma. Majibu yalikuwa yameshachapwa kwa stensili, maneno yale yale kwa wote: tumepokea barua yako, tunasikitika kwamba siku hiyo kwaya ina ratiba nyingine, endelea kujenga taifa. Akatia sahihi. Karani akaandika bahasha. Mfuko wa barua ulipelekwa posta ya Singida na dereva wa shule, kama kila Jumanne. Ijumaa dereva akaenda kuchukua barua zilizoingia kwenye sanduku la shule, na mojawapo ilikuwa yake. Aliipeleka mjini na kuirudisha yeye mwenyewe.

Ratiba nyingine ya tarehe 13 Julai ilikuwa ufunguzi wa josho la ng'ombe upande wa Mkalama. Barabara inapita Ilongero. Katibu alikaa kabini. Ukishapita Ilongero kuna njia inayochepuka kushoto, na mahali hapo Mzee Simeoni alipunguza mwendo hadi lori likakaribia kusimama, akavua kofia. Palikuwa na msichana kando ya njia, amevaa kitenge cheusi, akapunga mkono. Katibu alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

"Mzee, twende, tumechelewa," alisema.

Mzee Simeoni akavaa kofia na kubadilisha gia.

Katika gazeti la shule la mwezi ule katibu aliandika kwamba ziara ilifana, na kwamba hata watoto walijitokeza njiani kuipungia kwaya yetu. Nakala ipo maktaba. Msichana yule alikuwa Esta, binti yake Mzee Simeoni, mwenye miaka kumi na minne. Alishajua kwamba kwaya haiji. Alikuja kumpungia baba yake. Msalaba ulisimikwa mchana ule na ndugu wa marehemu, bila nyimbo na bila mume. Yeye alifika Jumapili ya wiki iliyofuata, kwa baiskeli. Josho lilifunguliwa, nasi tuliimba nyimbo tisa.

Tangu hapo kwaya imepita njia ile mara kumi na tisa. Mwaka jana iliimba kwenye kijiji kipya ambako jamaa za Mzee Simeoni walihamia wakati wa Operesheni Vijiji; kaburi limebaki kwenye mahame, maili mbili na nusu kutoka pale wavulana waliposimama kuimba umoja wa kijiji. Mzee Simeoni alisubiri kwenye lori. Hakuna aliyemuuliza lolote, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka.

Jumatatu tarehe 12 mwezi huu katibu alikwenda gereji na barua ile mkononi. Mzee Simeoni alikuwa chini ya lori akipaka grisi. Akasomewa barua yake. Hakutoka mpaka alipomaliza gurudumu la pili.

"Mwalimu, jibu lenu halikuwa na uongo," alisema. "Kwaya ilikuwa na ratiba nyingine. Niliiendesha mwenyewe."

Akaulizwa kwa nini miaka yote minane hakusema. Alijibu kwamba angesema nini, na lini, maana asubuhi iliyofuata kulikuwa na safari ya Kiomboi na wavulana walikuwa wameshapanda. Halafu akaulizia kama kuna tambara jingine, hili limejaa mafuta.

Katibu akamwambia kwamba shule inaomba kwenda sasa, kwaya nzima, kuimba kaburini kwa Theodora.

"Mmeandika barua?"

Katibu alidhani ni mzaha. Mzee Simeoni alifuta vidole kimoja kimoja.

"Wiki tatu kabla. Tangazo bado liko mlangoni pako, Mwalimu. Isije ikaonekana tunapendeleana."

Akarudi chini ya lori.

Barua iliandikwa siku ile ile, kwa mkono, ikatiwa sahihi na mkuu wa shule, Mwalimu Gasto na katibu. Inaomba ruhusa ya kwaya kuimba kwenye kaburi la mke wake Jumamosi tarehe 22 Mei. Inasema nyimbo azichague yeye. Inaomba pia radhi, kwa sentensi mbili, kwa sababu ya tatu kila tulipoiandika ilianza kututetea. Ilitiwa kwenye mfuko wa barua, na Mzee Simeoni akaupeleka mfuko posta, Jumanne kama kawaida. Siku ya Ijumaa alirudi na barua za shule. Alitenga ya kwake, akaiweka mfukoni mwa shati bila kuifungua mbele ya watu.

Tangazo la mlangoni limebanduliwa. Kwa mwaliko wa mfanyakazi wa shule hii, au wa mfiwa yeyote, kuanzia sasa itatosha kuja na kusema.

Mzee Simeoni anakwenda kuishi na Esta na wajukuu watatu, kulima uwele na alizeti. Shule inampa jembe la kukokotwa na ng'ombe, na wavulana wamemtengenezea benchi la mninga, la tano, lisilopanda lori. Anaacha lori linalowaka kwa jaribio la kwanza kila asubuhi, na dereva mpya, Ndugu Philipo, aliyemfundisha wapi pa kupunguza mwendo.

Mzee Simeoni, tunakushukuru kwa safari 637 na kwa watoto wa watu uliowarudisha wazima. Tunakutakia mvua ya kutosha, magoti yasiyouma, na miaka mingi ya kukaa kivulini mwako bila kusikiliza injini. Mpaka programu hii ya kukuaga inakwenda kuchapwa, jibu lako hatujalipata, na hatuna haki ya kuliharakisha. Ukurasa wa tarehe 22 Mei katika daftari la safari tumeuacha wazi. Siku hiyo kwaya haina ratiba nyingine.